Soko Lenyewe ni Nani?

Mada ya leo sikuitafuta, imeletwa na kijana mmoja anayetusikiliza akiwa Morogoro. Ametuandikia kwamba ana muswada wa riwaya, habari za mwanamke aliyelea watoto wa marehemu dada yake kando ya mashamba ya mkonge. Aliwapa watu wawili anaowaheshimu wausome. Wa kwanza alipitia kurasa chache akamrudishia: "Mdogo wangu, hii hainunuliki. Tia mapenzi, tia mauaji, tia gari linalofukuzwa usiku." Wa pili, mwalimu wake wa zamani, akamwambia kinyume chake: "Achana na habari za soko, mwanangu. Andika kilichomo moyoni. Kitabu cha kweli hakitazami bei." Sasa kijana anatuuliza amsikilize nani.

Ujumbe huo umenikera kidogo. Kijana hana kosa. Walionikera ni hao wawili. Wamezungumza kana kwamba soko ni mtu anayejulikana, amekaa mahali fulani kijiweni, anapenda damu na mahaba basi. Hakuna hata mmoja aliyemweleza soko la kitabu cha Kiswahili ni nani hasa: nani anatoa hela mfukoni, na nani anakaa chini akasoma. Mimi naona swali lote la soko na moyo limelala hapo, kwa hiyo leo naomba tulichambue taratibu.

Tuanzie Unguja. Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha shirika la vitabu, East African Literature Bureau, kwa ajili ya kuchapisha maandishi ya lugha zetu. Mwaka 1957 kuingia 1958 shirika hilo likaendesha mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili. Aliyeshinda ni Mzanzibari, mwandishi wa habari, Muhammed Said Abdulla. Hadithi yake ikatoka kitabu mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Humo ndimo tulimojuana na Bwana Msa, mpelelezi asiyeacha kiko chake, na rafiki yake Najum.

Kila mtu anajua kiko kile kilitoka wapi. Kilitoka London, kwa Sherlock Holmes. Bwana Muhammed Said Abdulla alichukua mtindo ambao ulikwisha kuuza vitabu duniani kote, akauleta Unguja, akauvika kanzu. Ukimuuliza yule mshauri wa kwanza wa kijana wetu, atasema hapo ndipo soko lilipo: mauaji, siri, mpelelezi. Sawa. Lakini soma kitabu chenyewe. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na mji mzima uko tayari kuamini kwamba ni kazi ya mashetani. Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Huyo ni mwandishi mwenye ugomvi wake na jamii yake, na ugomvi huo ameutia ndani ya hadithi ya kusisimua ili watu wausome mpaka mwisho. Halafu Kiswahili chake! Mazungumzo ya watu wake, utani wao, namna wanavyozungushana kwa maneno kabla ya kusema jambo, hakuna aliyemlipa senti ya ziada kwa ajili ya hayo. Aliyatia kwa sababu aliyapenda. Akaendelea hivyohivyo, kitabu baada ya kitabu, kikiwamo Mwana wa Yungi Hulewa cha mwaka 1976.

Baada yake wakaja wengine wa bara. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akatuletea jasusi Willy Gamba mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, halafu Kikosi cha Kisasi mwaka 1979. Ben Mtobwa, aliyezaliwa 1958 na kufariki 2008, akamleta mpelelezi Joram Kiango, akaandika pia Dar es Salaam Usiku, na hakuishia kwenye kuandika. Alianzisha kampuni yake mwenyewe, Heko. Wazazi wa baadhi yenu mnaonisikiliza walisoma vitabu hivi chini ya blanketi kwa tochi. Vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakatoka, na ukikipata kitabu kurasa mbili za mwisho zimekwisha chanika, unamtafuta aliyekisoma kabla yako akusimulie muuaji alikuwa nani. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya sabini ilifundisha watu kusoma, na watu hao walipotafuta cha kusoma kwa hiari yao, wengi waliwakuta Willy Gamba na Joram Kiango.

Vyuoni vitabu hivi viliwekwa fungu lao, fasihi pendwa, na kule mbele kwenye viti vya heshima wakakaa wenye riwaya dhati. Sina ugomvi na wahakiki, wana kazi yao. Lakini nawauliza: Musiba alikuwa mfanyabiashara, mtu aliyefika kuwa rais wa chemba ya biashara ya nchi hii. Je, alihitaji hela ya hadithi? Willy Gamba anahangaika na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, enzi ambayo kamati ya ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapahapa Dar es Salaam na kila mtu mjini alikuwa na hofu na fahari yake juu ya jambo hilo. Kama huo si moyo wa mtu unaozungumza, basi sijui moyo unazungumzaje. Ukweli usemwe pia kwamba kuna kurasa mle zilizoandikwa mbiombio, na wanawake wengi ndani ya riwaya hizo wamewekwa kama mapambo ya chumba cha hoteli. Hilo siwatetei.

Sasa twende upande wa pili, kwa wale wa moyo. Hapa naomba tuwe wakweli zaidi, kwa sababu ndipo vijana wanapodanganywa.

Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani kule Tanga, aliyezaliwa 1909, alikuwa karani wa serikali. Mchana anaandika barua na hesabu za wakoloni, usiku anaandika yake. Pambo la Lugha, kitabu cha mashairi yake, kilichapwa mbali, Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Alifariki mwaka 1962. Kufikirika kikatoka 1967, Utubora Mkulima kikatoka 1968. Sehemu ya tunachokisifu leo mwenyewe hakukiona dukani.

Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alikuwa mwalimu, kisha mhadhiri, Dar es Salaam na baadaye Botswana. Said Ahmed Mohamed amefundisha Osaka, Japani, na Bayreuth, Ujerumani. Abdulrazak Gurnah, ambaye mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel na sisi sote tukajidai ni wa kwetu, alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi. Umeona kitu gani hapo, msikilizaji? Kila mmoja wao alikuwa na mshahara. Moyo wao ulikuwa huru kwa sababu kodi ya nyumba ililipwa na kazi nyingine. Yule mwalimu wa zamani anapomwambia kijana aandike kutoka moyoni bila kutazama bei, huenda amesahau kumwambia kwamba waliofanya hivyo walikuwa na hundi ya mwisho wa mwezi.

Tufanye hesabu kidogo, msinikimbie. Tuseme riwaya inauzwa shilingi 10,000. Mrabaha wa mwandishi kwa kawaida ni asilimia 10 hivi, yaani shilingi 1,000 kwa nakala. Tuseme mchapishaji amethubutu kuchapa nakala 1,000, maana riwaya isiyo ya shule inamtia woga. Zikiisha zote, mwandishi amepata shilingi milioni 1. Lakini haziishi kwa mwezi; tuseme zimechukua miaka mitatu, na kuandika kulichukua miwili. Gawanya milioni hiyo kwa miezi 60. Ni shilingi 16,000 na ushee kwa mwezi. Kuna watu wanatumia zaidi ya hiyo kununua bando. Kwa hiyo tunaposema fulani "anaandika kwa ajili ya pesa", kwa sauti ile ya kubeza, tujiulize kwanza ni pesa ipi.

Kezilahabi naomba nikae naye kidogo, kwa sababu historia yake inavuruga mpango wetu wote. Mwaka 1971 alitoa Rosa Mistika, habari za binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, na alipotoka chini ya mkono wa baba hakuwa na kinga yoyote dhidi ya dunia. Kitabu kile hakikupimwa kwa mizani ya mnunuzi. Kinasema mambo ya shule za wasichana, ya walimu na wakubwa wanaowatumia wanafunzi, ya mimba na ya kutoa mimba, kwa ukali ambao Kiswahili kilikuwa hakijauzoea. Kikapigwa marufuku shuleni. Na unajua watu walivyo: kilichokatazwa ndicho kilichotafutwa. Mwandishi aliyeandika bila kumlenga mnunuzi akapata wasomaji wa kujificha, wenye hamu kuliko wa kitabu chochote cha upelelezi.

Baadaye akaandika Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991. Hivyo ni vitabu vyembamba, vya ndoto na mafumbo, ambavyo hata wasomi wanavizunguka kwa tahadhari. Hakuna mchapishaji wa biashara angekaa akapiga hesabu akaona faida humo. Mimi mwenyewe, niwe mkweli kwenu, navisoma kwa heshima zaidi kuliko kwa raha. Lakini nafurahi vipo, na vipo kwa sababu mwandishi alikuwa na mshahara na chuo kikuu kilikuwa na mtambo wa kuchapisha. Lazima lugha iwe na mahali pa kufanya majaribio ambayo hayauziki.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka kulisema tangu mwanzo.

Soko kubwa la kitabu cha Kiswahili, Kenya na Tanzania, ni shule. Mfukoni mwa msomaji wa Kariakoo hakutoki hela nyingi ya riwaya, wala mfukoni mwa abiria wa daladala au shabiki wa Joram Kiango. Chukua Kenya. Fasihi ya Kiswahili ina mtihani wake, Karatasi ya Tatu, na mwaka 2023 watahiniwa wa mtihani wa kidato cha nne, KCSE, walikuwa karibu 900,000. Riwaya ikiteuliwa, inakaa miaka kadhaa. Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilipita hapo. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ilipita hapo. Ikaja Kidagaa Kimemwozea yake huyohuyo, ikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Zidisha watoto kwa miaka, halafu linganisha na zile nakala 1,000 zetu. Kwetu Tanzania hesabu ni ndogo lakini sura ni hiyohiyo. Mtaje Takadini mbele ya mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne, au Ngoswe, au Watoto wa Mama N'tilie, uone anavyotabasamu. Mwulize sasa kitabu kingine cha fasihi alichokisoma tangu siku aliyotoka shuleni. Hapo tabasamu linapungua.

Katika soko hili anayechagua kitabu ni kamati. Anayelipa ni mzazi, au serikali. Anayesoma ni mtoto wa miaka kumi na saba, ambaye hakuulizwa. Ni kama mpishi wa bweni: maharage yakiwa mabichi yataliwa, yakiwa na chumvi kupita kiasi yataliwa, kwa sababu geti limefungwa. Mpishi huyo akidumu miaka ishirini jikoni bila kuona sahani iliyorudishwa, usimlaumu sana akisahau kuonja.

Na matokeo yanaonekana kwenye karatasi. Nimesoma miswada ya waandishi chipukizi, wakiniomba maoni, na ninaweza kukutambulia muswada ulioandikwa ukiwa na jicho kwenye mtaala kabla sijafika ukurasa wa kumi. Kuna sura ya ufisadi. Kuna sura ya dawa za kulevya. Kuna sura ya mazingira, ambayo mhusika mmoja anasimama kwenye mkutano wa kijiji na kuzungumzia ukataji wa miti kwa kurasa tatu. Ukimwi umo, elimu ya mtoto wa kike imo, na mhusika mbaya anaitwa jina linalotangaza ubaya wake ili mtahiniwa asipotee. Mapenzi yapo, lakini wapenzi wanaagana mlangoni kama watu wa ofisi moja. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Kamati haitapitisha." Kuwapa wahusika majina yenye maana ni jambo la kale kwetu, Shaaban Robert alikuwa na Karama na Majivuno katika Kusadikika, na alikuwa na sababu, maana alikuwa akiusema utawala wa kikoloni kwa fumbo. Wa leo anamficha nani? Anamrahisishia kazi mtunzi wa mwongozo.

Loo, miongozo. Kitabu kikiteuliwa leo, kesho kutwa mwongozo wake uko dukani: dhamira, maudhui, wahusika, mbinu za lugha, maswali na majibu. Kuna wanafunzi wanaomaliza shule wakiwa wameusoma mwongozo mara tatu na riwaya yenyewe mara moja au hawajaisoma kabisa. Na kwa akili ya kibiashara hawakukosea, kwa sababu mtihani unauliza yaliyo kwenye mwongozo.

Kwa hiyo ninapousikia ule wimbo wa zamani kwamba soko limewaharibu waandishi wetu, nakubali nusu. Wasomaji wa Bwana Msa hawakumharibu mtu. Wangeweza kukitupa kitabu ukurasa wa tano, na mwandishi alilijua hilo, kwa hiyo alifanya kazi. Aliyetuharibia ni mnunuzi asiyesoma, anayemnunulia msomaji asiyechagua. Mwandishi akimwandikia huyo, halipwi kwa kupendwa wala kwa kusema lake. Analipwa kwa kutokosea.

Lakini nisiionee shule. Bila shule wachapishaji wengi wangekwisha funga milango zamani, na ni faida ya vitabu vya shule inayobeba hasara ya diwani za mashairi. Kamati nazo si mawe. Rosa Mistika ileile iliyopigwa marufuku ilifika baadaye ikafundishwa. Mfadhili ya Hussein Tuwa, mwandishi anayejulikana kwa riwaya za kusisimua, ilifika kidato cha tano na sita. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999, ina mapenzi, ina siasa, ina Unguja nzima ya miaka ya mwisho ya ukoloni, na imesomwa shuleni na bado watu wanaipenda. Mwaka 2021 ikawa filamu. Na Siku Njema, kwa maoni yangu, ina joto ambalo Kidagaa Kimemwozea haina. Kidagaa imejengwa kwa ustadi mkubwa, kila kitu kipo mahali pake, mtahiniwa hakosi pa kushika. Siku Njema ni ya kijana anayemtafuta baba yake kutoka Tanga hadi Kitale, na unapoisoma unasahau kwamba kuna mtihani. Marehemu Walibora aliandika zote mbili, naye hakuwa mtu wa kubabaisha. Ndiyo maana tofauti kati ya riwaya hizo inanishughulisha.

Je, kitabu kisichopitia shule kinaweza kupata watu? Kinaweza. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka 1977, baada ya mchezo wa kuigiza uliochezwa kijijini Kamĩrĩĩthũ, akawekwa kizuizini Kamiti. Humo akaandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Ilitoka 1980, na miaka miwili baadaye tukaipata kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Mtu aliyeko gerezani, anaandika kwa lugha ambayo wachapishaji hawakuwa na uzoefu wa kuuzia riwaya, juu ya karatasi ambayo askari anaweza kuichukua wakati wowote: ukitafuta mfano wa kuandika kutoka moyoni, ndio huo. Na bado nakala 5,000 za kwanza za Kigikuyu ziliondoka kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Watu waliisoma kwa sauti, nyumbani kwa familia nzima, kwenye matatu, na kwenye baa, ambako msomaji aliendelea kusoma maadamu bilauri yake inajazwa. Huyo msomaji wa baa amenifurahisha siku zote. Alilipwa kwa kusoma!

Na siku hizi kuna soko jingine ambalo wengi wetu wazee wa kalamu tunalidharau kwa sababu hatulielewi. Vijana wanaandika hadithi kwenye simu. Sehemu ya kwanza hadi ya tano ni bure, ukitaka ya sita unatuma hela kwa simu, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Jero, buku, buku mbili. Hakuna kamati. Hakuna mwongozo. Msomaji akichoka anatoka kwenye kundi usiku huohuo, na mwandishi anamwona akitoka. Ni mtindo wa magazeti ya mfululizo, na neno "itaendelea" ni lilelile, ila sasa mlango wa kutokea uko wazi zaidi.

Nimezisoma baadhi. Nyingi ni mbaya, tusidanganyane. Hakuna mhariri, majina ya wahusika yanabadilika katikati, tajiri ni yuleyule mwenye jumba la vioo, na hadithi inarefushwa mpaka sehemu ya mia na ushee kwa sababu kila sehemu ni hela. Kuna wezi pia, wananakili na kusambaza bure kwenye kundi jingine kabla ya asubuhi. Lakini mara mojamoja unakutana na binti anayeandika habari za nyumba za kupanga, za choo cha pamoja, za wake wenza wanaogawana jiko, kwa Kiswahili ambacho hujakiona kwenye kitabu chochote kilichopitishwa, na unamsikia kabisa kwamba ameyaona hayo. Anaandika kwa ajili ya jero yako, na anaandika kutoka moyoni, kwa pamoja, na wala hajui kwamba sisi tunabishana kama hayo mawili yanaweza kukaa chumba kimoja.

Tuzo nazo zimesaidia. Ile ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na ambayo baadaye ilichukua jina la Safal, imewapa fedha waandishi wa riwaya na mashairi ya Kiswahili na vitabu vyao vikachapishwa. Ya kwetu, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, inampa mshindi fedha, na kazi yake inachapishwa kisha inapelekwa mashuleni. Ni jambo jema. Ila mmeona tena mwisho wa safari uko wapi? Geti la shule.

Basi, kijana wa Morogoro, na wenzako mnaofanana naye. Mshauri wako wa kwanza alikosea kukuambia utie gari linalofukuzwa. Mkonge na mama mdogo vinatosha, ukivisimulia kwa namna ambayo msomaji hawezi kukiweka kitabu chini. Hilo la pili ni kazi yako, na Bwana Msa anaweza kukufundisha kuliko walimu wengi. Mwalimu wako alikosea kukuambia usitazame bei. Itazame, ujue ni ndogo, kisha ushike kazi nyingine ya kukulisha wala usione haya. Shaaban Robert alikuwa karani. Wapelekee wachapishaji. Wakikuambia ongeza sura ya mazingira ili kamati ipitishe, fikiria mara mbili. Wakikuambia hadithi inalegea katikati, wasikilize, maana hao wanazungumza kwa niaba ya msomaji. Na ukiona milango migumu, toa sehemu tatu za mwanzo kwenye simu, uone nani anaomba ya nne.

Lakini nisimpe kijana mzigo wote, kwa sababu nusu ya jambo hili iko mikononi mwako wewe unayenisikiliza. Maadamu wewe hununui, kamati itabaki kuwa mnunuzi pekee, na utaendelea kuandikiwa vitabu vya kukufaulisha mtihani uliokwisha ufanya. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Kabla mwezi huu haujaisha, ingia duka la vitabu, au simama kwa yule machinga aliyepanga vitabu chini pale Posta, uchague riwaya moja ya Kiswahili ya mwandishi aliye hai, ambayo haimo kwenye mtaala wa mtoto wako. Ilipie. Isome. Ikikuchosha, iache na utuandikie hapa useme imekuchosha wapi. Ikikupendeza, tutajie jina lake tulisome hewani wiki ijayo.